Filamu ya pesa kidogo: ni nani anayeilipa?



Kwa miezi hii wamama wengi wa vikundi vyetu wametuletea ulizo moja. Wanasema: mtoto wangu amemaliza masomo, kazi hakuna, na sasa yeye na wenzake wanatengeneza filamu. Waliomba parseli yetu kwa siku tatu. Kisha wakaomba vikwembe vyangu vya waigizaji kuvaa, wakaomba niwapikie watu kumi na wawili, na juzi kijana ameomba hata pesa za zamu yangu ya likelemba. Nimpe ao nimkatalie?

Hatutajibu kwa neno moja. Kwanza tutaeleza namna filamu moja ya pesa kidogo ilivyotengenezwa, filamu ambayo mpaka leo inatajwa dunia nzima, halafu tutahesabu pamoja ni nani aliyeilipa. Tumechagua filamu ya mbali, ya India, kwa sababu mambo yaliyotokea nyuma ya kamera yake yanajulikana vizuri. Wenyewe waliyasimulia na kuyaandika. Tena mama atakayesoma ataona kwamba yaliyoombwa kule ni yale yale yanayoombwa mlangoni pake.

Mtu wa biro mwenye ndoto

Satyajit Ray alizaliwa katika muji wa Calcutta mwaka wa 1921. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka miwili tu, na mama yake, Suprabha, akamlea akiwa mjane. Alipokuwa mtu mzima alipata kazi nzuri ya kuchora matangazo ya biashara katika kampuni moja ya Waingereza. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye filamu. Alitaka kutengeneza filamu kutoka kitabu cha Bibhutibhushan Bandyopadhyay kinachoitwa Pather Panchali, maana yake ni kama kusema wimbo wa njia. Ni habari ya jamaa maskini katika kijiji cha Bengal: baba anayekwenda mbali kutafuta kazi, mama Sarbojaya anayebaki na sufuria tupu, binti Durga, mtoto mdogo Apu, na mama mzee Indir, ndugu wa jamaa, ambaye kumlisha kumekuwa mzigo.

Ray alikwenda kwa matajiri wa filamu, mmoja baada ya mwingine. Walimkatalia. Hajawahi kutengeneza filamu hata moja, na hadithi yake haina nyimbo wala dansi, vitu ambavyo watu walizoea kulipia. Basi akaamua kuanza kwa pesa yake mwenyewe. Alihesabu kwamba rupia 70,000 zingetosha. Mpaka mwisho filamu ilikula karibu 150,000.

Kazi yake ya biro hakuiacha, kwa maana jamaa ilipaswa kula. Kwa hiyo mwanzoni walipiga picha siku ya Mungu tu, siku ambayo biro imefungwa. Mpiga picha wake, Subrata Mitra, alikuwa kijana wa miaka 21, na hajawahi kushika kamera ya sinema. Karibu wote walikuwa wapya katika kazi ile.

Siku ya kwanza ilikuwa tarehe 27 Oktoba 1952. Walikwenda kwenye uwanja wenye majani marefu yanayotoa maua meupe, wakapiga picha ya Durga na Apu wakipita ndani yake kwenda kuona treni. Jua likashuka kabla kazi haijaisha. Siku ya Mungu iliyofuata wakarudi na vyombo vyao vyote, na maua hayakuwako tena. Ngombe walikuwa wameyala! Ilibidi wangojee mpaka majira ya mwaka uliofuata, maua yachanue tena. Mama anayelima anaelewa vizuri: usipovuna siku yake, mwaka mzima umekwenda.

Dhahabu ya Bijoya

Pesa ilitoka wapi? Ray alikopa kwa kuweka bima yake ya maisha. Akauza vitabu vyake vya picha na sahani za muziki alizozikusanya kwa miaka. Pesa ikaisha. Ndipo mtu wa timu aliyesimamia matumizi akamwendea mke wa Ray, Bijoya, na kumwomba vito vyake. Bijoya akavitoa, vikawekwa rehani.

Tusimame hapa kidogo. Kwa wanawake wa India, vito vya dhahabu si pambo tu. Ni akiba yake mwenyewe, ya siku ya ugonjwa ao ya kufiwa. Ni kama vikwembe vya wax ambavyo mama wa kwetu anavifungia sandukuni bila kuvaa, kwa maana anajua kwamba siku mtoto atafukuzwa masomo kwa ajili ya minervali, kikwembe kimoja kitauzwa. Basi akiba hiyo ndiyo iliyotoka ndani ya nyumba. Na haikumaliza filamu. Ililipa siku chache za kazi, halafu kila kitu kikasimama karibu mwaka mzima.

Aliyefungua mlango tena ni mama mzazi wa Ray. Suprabha alikuwa na rafiki aliyeweza kumfikia Bidhan Chandra Roy, mkubwa wa serikali ya jimbo la West Bengal. Kwa njia ile serikali ya jimbo ikakubali kutoa pesa. Kwa kuwa jina la filamu linataja njia, inasimuliwa kwamba katika vitabu vya serikali pesa ile iliandikwa kama pesa ya kutengeneza njia! Wamama wanaojua kutafuta msaada kwenye ofisi watacheka, lakini watajua pia kilichofuata: pesa haikutoka mara moja. Ilitoka kidogo kidogo, na kila mara ilipaswa kungojewa.

Hata mtoto Apu alipatikana kwa jicho la mwanamke. Ray alitoa tangazo katika magazeti kutafuta mtoto mwanaume wa miaka mitano mpaka saba. Wakaja wengi, na hakuna aliyefaa. Wazazi fulani walifika na binti yao waliyemkata nywele ili aonekane kama kijana. Poda ya kinyozi ilikuwa bado shingoni. Mwishowe Bijoya ndiye aliyemwona mtoto akicheza kwa jirani, akamwambia bwana wake: tazama yule. Akawa yeye.

Mama wa miaka themanini

Kwa ajili ya mama mzee Indir, walihitaji mtu aliyezeeka kweli, ambaye bado angeweza kushika maneno na kuvumilia jua. Walimpata Chunibala Devi, aliyekuwa na miaka karibu 80. Zamani aliigiza katika tamthilia, kisha watu wakamsahau. Alikubali. Akainama mgongo, akavaa nguo iliyochakaa, na yeyote aliyeona filamu hii hamsahau tena.

Katika sehemu moja Indir amekufa na watu wanambeba kwenda kumchoma, kama desturi yao ilivyo. Chunibala alilazwa juu ya machela, akafungwa kwa kamba asianguke, akabebwa. Walipomaliza kupiga picha wakamshusha, wakafungua kamba, lakini mama hakusogea. Watu wote wakanyamaza kwa hofu. Baadaye akauliza kama kazi imeisha, kwa maana hakuna aliyemwambia, naye alikuwa bado akijilaza kama maiti.

Tunacheka, lakini hofu yao ilikuwa na sababu. Filamu ambayo ingetengenezwa kwa miezi michache ilichukua karibu miaka mitatu, kwa sababu ya pesa tu. Na miaka haingojei mtu. Mzee aliyeigiza muuza sukari-tamu wa kijiji alifariki kabla ya kumaliza. Wakamtafuta mwingine wa mwili unaofanana na kumpiga picha kwa mgongo. Mbwa aliyekuwa akifuata watoto alikufa. Wakatafuta mwingine wa rangi ile ile. Ray mwenyewe alisema baadaye kwamba filamu yake iliokolewa na mambo matatu: sauti ya Apu haikuvunjika, Durga hakukua, na mama mzee hakufa.

Tena kuna mvua. Hadithi inahitaji mvua kubwa ambayo Durga anacheza ndani yake mpaka anashikwa na homa. Wakati wa mvua ulipofika, pesa hakuna. Pesa ilipofika, mvua zimekwisha. Wakawa wakienda kijijini na watoto siku baada ya siku, kutazama mbingu, wakingojea wingu moja. Lilikuja wakati baridi imeanza. Watoto wale wanaotetemeka chini ya mti katika filamu, wanatetemeka kweli.

Ilipoisha

Nyumba kubwa ya sanaa ya New York, Museum of Modern Art, iliomba filamu kwa ajili ya maonyesho yake. Muziki ulitengenezwa na Ravi Shankar, sehemu kubwa katika kikao kimoja kilichokwenda mpaka alfajiri. Siku za mwisho Ray na mkataji wa filamu, Dulal Dutta, walifanya kazi usiku na mchana ili kutimiza tarehe. Filamu ikaonyeshwa kule mwezi wa 5 mwaka wa 1955, bila hata maandishi ya kuwafasiria watu maneno ya Kibengali. Mwezi wa 8 ikaonyeshwa Calcutta. Mwaka wa 1956 ikapata tuzo huko Cannes, Ufaransa, na tangu hapo haikuacha kuzunguka dunia.

Chunibala Devi alifariki mwaka ule ule wa 1955. Na filamu yenyewe ilikuwa mali ya nani? Ya serikali ya jimbo, kwa maana yeye ndiye aliyelipa sehemu kubwa na kuandika mapatano. Aliyeikuta imesimama akaimalizia pesa, ndiye aliyekuwa mwenye nayo.

Hesabu yetu

Sasa tuhesabu. Tukisema filamu ile iligharimu rupia 150,000, tumehesabu noti tu. Hatujahesabu miezi ambayo Bijoya alikaa bila akiba yake. Hatujahesabu mama mkwe aliyekwenda kuomba kwa watu, nguvu za mama wa miaka 80 juani, wala baridi ya watoto. Ndiyo maana tunawaambia: filamu inayoitwa ya pesa kidogo si ya bei ndogo. Kile kisicholipwa kwa pesa kinalipwa na nyumba, na ndani ya nyumba mara nyingi anayelipa ni mama. Hilo halimaanishi akatae. Linamaanisha ajue anachotoa.

Kwetu Congo hali ni ile ile. Machérie Ekwa Bahango, binti wa Kinshasa, alitengeneza filamu Maki'la juu ya vijana wanaoishi barabarani, ikaonyeshwa Berlin mwaka wa 2018. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, anashika kamera yake mwenyewe na kufuata watu na timu ndogo sana. Katika filamu Maman Colonelle ya mwaka wa 2017 anamfuata koloneli Honorine Munyole, mama wa polisi anayelinda wanawake na watoto, alipohamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani. Katika En route pour le milliard, iliyochaguliwa na Cannes mwaka wa 2020, anafuata watu walioumizwa katika vita vya siku sita vya Kisangani, mwezi wa 6 mwaka wa 2000. Wengine walikatika miguu ao mikono. Walishuka na mto kwa chombo mpaka Kinshasa kudai malipo yao, na kamera ilisafiri pamoja nao, katika mvua na msongamano ule ule.

Hapa kuna malipo ya namna nyingine. Katika filamu za ukweli kama hizi hakuna mwigizaji. Mama anayeonekana anatoa uso wake, jina lake na maumivu yake. Hicho ni kitu kikubwa kuliko sufuria na kikwembe, kwa sababu sufuria inarudi.

Basi, kijana akija kukuomba msaada, tunashauri haya.

Andikeni kila kitu. Kaeni naye na daftari. Chakula cha watu kumi na wawili kwa siku tatu ni unga kiasi gani, sombe kiasi gani, makala mifuko mingapi? Moto za kubeba vyombo? Mafuta ya jenereta umeme ukikatika? Kuchaji betri? Andikeni pia siku ambazo mama hatakwenda sokoni kwa sababu anapika. Vijana wengi wanahesabu kamera na kusahau tumbo. Na mara nyingi wanasahau sauti: jirani ana jenereta, kanisa lina ngoma, moto zinapita, siku nzima inaweza kupotea kwa sababu maneno hayasikiki. Kijana anayeweza kuonyesha hesabu kama hii amekwisha kufikiri. Asiyeweza, mwambie arudi juma lijalo.

Likelemba isiguswe kabla ya zamu. Pesa iliyo katika likelemba ni ahadi kwa wamama wengine. Zamu yako ikifika na minervali imelipwa, unaweza kutoa sehemu yake, ile ambayo ikipotea jamaa haitalala njaa. Kumbukeni dhahabu ya Bijoya: ilitoka, na kazi ikasimama hata hivyo. Usitoe kwa kuamini kwamba pesa yako ndiyo itakayomaliza.

Kuwe na karatasi, hata kama ni mtoto wako. Iseme vitu gani vimeazimwa, vitarudi siku gani, nani atalipa kikiharibika, na filamu ikiuzwa nani atapata nini. Itiwe sahihi mbele ya mtu wa tatu. Kama kuna anayeleta pesa nyingi mwishoni, vijana wasome mapatano yake pole pole, kwa maana filamu inaweza kuwa yake.

Watoto walindwe. Mtoto anayeigiza asikose masomo. Mzazi wake ao mama wa kikundi awe hapo saa zote. Awe na nguo kavu, chakula na saa ya kulala. Sehemu ya kupigwa ao ya kutisha ielezwe kwake mbele, na akikataa, asilazimishwe.

Uso wa mwanamke ni wake. Anayetaka kurekodi habari ya mama aliyeumizwa amweleze kwanza: itaonyeshwa wapi, na nani ataiona? Picha ya simu inafika kijijini kwake kabla yeye hajafika. Mama awe na haki ya kusema hapana, ya kuficha uso, na ya kuona kazi kabla ya wengine. Hata kama alisema ndiyo jana, leo anaweza kubadili.

Ruhusa itafutwe mapema. Mkubwa wa mtaa ajulishwe, na mahali pa watu wengi pasipigwe picha bila karatasi ya ruhusa. Karibu na askari kamera ibaki mfukoni. Hakuna sehemu ya filamu inayostahili mtoto kulala kizuizini.

Kijana akitimiza haya, tunasema msaidieni kwa moyo. Kazi hii ni ya kweli. Inafundisha kuamka mapema, kungoja, kushirikiana na kumaliza. Katika Goma, vijana wengi walijifunza kamera katika kituo cha Yole!Africa, na jamaa zao zilizoea kuona vyombo vya filamu barazani. Tena habari zetu zikisimuliwa na watoto wetu, angalau watajua mama anashikaje mwiko.

Ninyi vijana mnaosomewa ukurasa huu nyumbani, tunawaomba jambo moja. Mwisho wa filamu, pale majina yanapopanda, andikeni pia jina la aliyepika, la aliyetoa parseli na la aliyeazima vikwembe. Muulizeni kwanza kama anapenda jina lake litokee. Halafu mwiteni siku ya kwanza ya kuonyesha, mmpe kiti cha mbele.

Kwa mkutano wa juma hili tunaomba kila kikundi kizungumze juu ya ulizo hili: je, kikundi kinaweza kusaidia filamu ya kijana wa mtaa, na kwa kitu gani kisicho pesa ya likelemba? Mwandishi wa kikundi aandike majibu na kuyaleta pamoja na ripoti. Tutayachapa hapa, ili vijana wajue mapema wanachoweza kuomba na wasichoweza.

Mbaki na amani.